Dawa za presha za mama zimepita tarehe ya mwisho wa matumizi: azimalize, azitupe, au tufanyeje?

Mwana wa Pangani

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, na wakubwa wangu shikamooni. Naomba ushauri wa wenye elimu ya dawa na pia wa wale wanaouguza wazazi wenye shinikizo la juu la damu, kwa sababu jambo lenyewe linamhusu mama yangu mzazi na sitaki kuliendesha kwa kukisia.

Mama ni mtu wa miaka sabini na kidogo, anaishi Pangani pamoja na mjukuu wake mdogo, na ametumia dawa za presha kwa miaka mingi. Mimi nafanya kazi Dodoma. Kaka yetu mkubwa yuko Maskati, na kila anapopata mtu anayekuja nyumbani humkabidhi maboksi ya dawa amletee mama, jambo ambalo limetufaa sana nyakati ambazo zahanati ilikuwa imeishiwa. Nilipokwenda kumtazama safari hii nilifungua kabati la nguo ambamo huziweka dawa zake, nikakuta akiba kubwa kuliko nilivyotarajia. Yapo maboksi ya amlodipini ya miligramu 5 ambayo tarehe yake imepita kwa miezi kadhaa, na mengine kati ya hayo hayajafunguliwa kabisa. Lipo boksi la losatani iliyochanganywa na haidroklorothiazidi, ambalo limepita kwa zaidi ya mwaka. Ipo bahasha ndogo ya plastiki yenye vidonge vyeupe, iliyoandikwa kwa kalamu "1x1" bila jina la dawa wala tarehe yoyote. Na kipo kichupa cha atenololi kilichokuwa cha marehemu baba, ambacho mama anasema humeza kidonge kimoja kutoka humo siku ambazo moyo unamwenda mbio.

Nilipomwambia kwamba dawa hizi zimekwisha muda alinijibu kwamba dawa si maziwa, haichachi, na kwamba ni dhambi kutupa kitu ambacho mwanawe amekitolea jasho ugenini. Sikutaka kubishana naye, lakini pia sikuwa na maelezo ya kutosha ya kumpa.

Ninayoomba kujua ni haya. Je, dawa ya presha iliyopita tarehe ina madhara, au inapungua nguvu tu? Je, anaweza kuendelea nayo hadi tupate nyingine? Na kama ni za kutupwa, zitupwe wapi, maana nyumbani takataka huchomwa nyuma ya nyumba na choo ni cha shimo? Natanguliza shukrani.

Mfamasia wa Morogoro

Ndugu Mwana wa Pangani, hongera kwa kulifungua kabati hilo. Nimefanya kazi ya ufamasia hospitalini na katika duka la dawa, na nitakujibu kulingana na ulivyoeleza, ingawa neno la mwisho kuhusu dozi ya mama ni la kliniki yake.

Mama asiendelee kumeza dawa zilizopita tarehe, na wakati huohuo asikae bila dawa. Naomba uyachukue mambo haya mawili kwa pamoja, kwa sababu wapo wengi wanaosikia la kwanza tu, wakatupa kila kitu jioni hiyohiyo, kisha mgonjwa akakaa wiki nzima akisubiri mtu aje na dawa mpya. Kwa mgonjwa wa presha hilo la pili ni baya kuliko la kwanza.

Tarehe iliyopigwa mhuri kwenye boksi ni dhamana ya mtengenezaji. Anasema kwamba hadi siku ya mwisho ya mwezi ulioandikwa, ikiwa kidonge hakijatolewa katika pakiti yake na kimehifadhiwa kama maelezo yanavyotaka, kiasi cha dawa iliyomo kitakuwa ndani ya viwango vinavyokubalika, ambavyo kwa vidonge vingi vya namna hii ni kati ya asilimia 90 na 110 ya kilichoandikwa. Ukiona EXP 06/2025 maana yake ni hadi tarehe 30 Juni 2025. Kuanzia Julai hakuna mtu anayekuhakikishia chochote, lakini pia si kwamba usiku huo kidonge kimegeuka sumu. Dawa inayotajwa mara nyingi kwa kuharibika na kudhuru mwili ni tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, baada ya wagonjwa walioripotiwa mwaka 1963 kuumia figo kwa kutumia vidonge vya zamani vilivyooza, na hata hiyo ilihusu namna dawa hiyo ilivyotengenezwa wakati ule. Dawa za presha za kawaida hazijulikani kwa tabia hiyo.

Hatari yake iko upande mwingine. Ukimeza dawa ya maumivu iliyopungua nguvu, kichwa kitaendelea kuuma na utajua. Ukimeza dawa ya presha iliyopungua nguvu hutajua, kwa sababu presha inapanda bila mtu kuhisi chochote, na wengi huja kutambua siku ya kiharusi au siku wanapoambiwa kwamba figo zimeshindwa. Mama ataamka, atameza kidonge chake, ataamini kwamba amejikinga, na mishipa yake itaendelea kuumia. Kwa sababu hiyo mimi huwa mkali zaidi kwa dawa za presha, kisukari na kifafa kuliko kwa dawa ya mafua.

Sasa ongeza hali ya hewa ya pwani. Maboksi mengi yameandikwa kwamba dawa ihifadhiwe katika joto lisilozidi nyuzi 30 za Selsiasi, mahali pakavu pasipo mwanga. Pangani wakati wa kaskazi, katika chumba chenye paa la bati, sharti hilo huvunjwa kila mchana, na unyevu wa bahari haupumziki. Kabla ya hapo dawa zenyewe zimesafiri kutoka Maskati ndani ya mabegi, na hakuna ajuaye zilikaa muda gani juani uwanjani au ndani ya gari. Amlodipini na nifedipini huharibiwa na mwanga zikitolewa katika karatasi zake. Haidroklorothiazidi huvunjwavunjwa na unyevu. Kaptoprili, ambayo bahati nzuri mama hana, ikianza kuharibika hutoa harufu kama ya kiberiti. Lakini nisisitize kwamba nyingi haziwi na harufu, hazibadiliki rangi wala hazimeng'enyeki, kwa hiyo kidonge kuonekana kizuri si ushahidi kwamba ni kizuri.

Kuhusu kila kimoja ulichokikuta, amlodipini na losatani zilizopita tarehe ziwekeni kando kwa namna ambayo wengine watawaeleza. Amlodipini ina jambo moja la kukutuliza: hukaa mwilini muda mrefu, kiasi kwamba nusu yake huchukua saa 30 hadi 50 kuondoka, hivyo mgonjwa aliyekuwa akiimeza sawasawa akichelewa siku moja hapati mshtuko wa ghafla. Unao muda wa kumpeleka kituoni kesho asubuhi bila kuhangaika usiku. Akikosa dozi asimeze mbili kwa pamoja kufidia. Kama kituo kiko mbali na kesho haiwezekani, mpigieni simu mhudumu wa kliniki mumweleze dawa ni ipi na imepita kwa muda gani, yeye ndiye atakayewaambia la kufanya kwa siku hizo chache, badala ya ninyi wenyewe kuamua aache au aendelee.

Bahasha isiyo na jina isitumike kabisa. Vidonge hivyo pengine vilihesabiwa kutoka kopo la vidonge 1000, na tarehe iliyokuwa kwenye kopo ilibaki dukani. Isitoshe, kidonge kikishatoka katika kopo lake kikawekwa kwenye plastiki nyembamba, hata ile tarehe ya kopo haikilindi tena. Siku nyingine mama akipewa dawa kwa bahasha, mwombeni mtoaji aandike jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, na tarehe ya mwisho. Ni haki ya mgonjwa na mtoa dawa anayejua kazi yake hatakasirika.

Kichupa cha marehemu ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Atenololi hupunguza kasi ya moyo, na kwa mtu ambaye moyo wake tayari unapiga polepole, au mwenye pumu, inaweza kumdhuru hata ikiwa mpya kabisa. Tena, moyo kwenda mbio kwa mtu wa umri huo ni dalili inayostahili kupimwa, kwani huenda mapigo yenyewe hayaendi kwa mpangilio, na hilo lina matibabu yake. Naomba umwulize kwa upole anaimeza mara ngapi. Ikiwa ni mara moja moja, aiache. Ikiwa amekuwa akiimeza kila siku, asikatishe ghafla peke yake, bali kliniki ielezwe, kwa sababu dawa za kundi hilo zikiachwa kwa mkupuo presha na mapigo huweza kuruka juu.

Na kwa kuwa umemtaja mjukuu mdogo: vidonge hivi vitoke katika kabati ambalo mtoto anaweza kulifungua. Kidonge kimoja au viwili vya amlodipini au nifedipini vinaweza kumwua mtoto mdogo.

Fundi Mitambo

Naheshimu maelezo ya Mfamasia, lakini naomba kuongeza jambo ambalo nadhani wengi hawalijui. Jeshi la Marekani lina mpango ulioanza mwaka 1986 wa kupima dawa za akiba zilizofikia mwisho wa muda, ili kuepuka hasara ya kuzitupa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalihusu dawa 122 katika matoleo 3005, yaani mafungu ya dawa yaliyotengenezwa kwa pamoja, na asilimia 88 ya matoleo hayo yaliweza kuongezewa angalau mwaka mmoja, huku wastani wa muda ulioongezwa ukiwa miezi 66. Maana yake ni kwamba tarehe za viwandani zimewekwa kwa tahadhari kubwa. Katika nchi ambazo watu wanakosa dawa kwa sababu ya umaskini, je, si vibaya kumwambia mwanamke mzee atupe maboksi ambayo hayajafunguliwa na yamepita kwa miezi michache tu? Nauliza kwa nia njema, kwa sababu nimewaona watu wakikaa bila dawa kabisa baada ya kutishwa na tarehe.

Mfamasia wa Morogoro

Swali lako ni la haki, na takwimu ulizozitaja ni sahihi. Lakini tazama jinsi zilivyopatikana. Dawa zile zilikuwa katika maghala yenye joto na unyevu vinavyodhibitiwa, ndani ya vifungashio ambavyo havikuguswa, na kila toleo lilipelekwa maabara kabla ya kuongezewa muda. Hakuna aliyesema kwamba dawa zote za aina fulani zinafaa kwa miaka mitano zaidi; walisema toleo hili, lililohifadhiwa hivi, tumelipima na linafaa. Tena, kati ya matoleo ya dawa moja kulikuwa na tofauti kubwa, na ndiyo maana walilazimika kuendelea kupima mara kwa mara. Kabati la Pangani halina maabara.

Nakubaliana nawe kwamba mtu asitishwe hadi akaacha dawa. Kama tungekuwa kisiwani, bila kituo, na chaguo ni amlodipini iliyopita kwa mwezi mmoja au kutomeza chochote kwa muda mrefu, mjadala ungekuwa mwingine. Lakini amlodipini ni miongoni mwa dawa za presha zisizo ghali na zinazopatikana kwa wingi nchini, mama ana kituo cha afya katika wilaya yake, na ana watoto wawili wenye kazi. Kwa hali yake hakuna sababu ya kumwachia abahatishe.

Tabibu Mstaafu

Mwanangu wa Pangani, marahaba. Wenzangu wamezungumza vizuri kuhusu vidonge, nami nataka kuzungumza kuhusu yule anayevimeza.

Kabla hujatupa hata kimoja, vihesabu. Chukua daftari, andika jina la dawa, tarehe ya kila boksi, vilivyobaki ni vingapi, na mwulize kaka yako alizituma lini. Mgonjwa anayemeza kidonge kimoja kila siku hamalizi mwaka akiwa na maboksi ambayo hayajafunguliwa, labda kama alikuwa akipata dawa kutoka sehemu mbili, za Maskati na za zahanati. Hapo pana mambo mawili ya kuchunguza, na yote mawili ni mazito. Ama alikuwa akipata mara mbili na kuzichanganya, ama hakuwa akizimeza kama mnavyodhani.

Nimekaa kliniki za presha miaka mingi, na hili ndilo nililokutana nalo zaidi kuliko mengine yote. Mgonjwa anakuja, kipimo kinasoma 170 kwa 100, anaulizwa kama anameza dawa, anajibu ndiyo, kwa sababu hataki kumvunjia daktari heshima. Daktari naye anaamini dawa haitoshi, anaongeza dozi au anaongeza dawa ya pili. Mgonjwa anarudi nyumbani na maboksi mengi zaidi ya kuweka kabatini. Kisha siku moja anakuja mtoto kutoka mjini, anamsimamia ameze kila kitu kama kilivyoandikwa, na presha inashuka kwa kishindo, mzee anasimama kwenda msalani usiku, anapata kizunguzungu, anaanguka na kuvunjika nyonga. Kwa hiyo usimlazimishe mama kuanza kumeza kila kilichoandikwa kwenye maboksi mapya kabla kliniki haijajua ukweli wa alichokuwa akimeza.

Kaa naye, usimhoji kama askari. Usimwulize kama anameza dawa. Mwulize ni siku zipi huwa hamezi, na kwa nini. Wazee wana sababu, na mara nyingi ni sababu za maana. Wapo wanaopunguza ili dawa zisiishe mapema. Wapo wanaoacha dozi ya asubuhi mwezi wa Ramadhani na wasiirudishe tena mwezi ukiisha, wakati dozi hiyo ingeweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku kwa ushauri wa kliniki. Wapo wanaoacha wakijisikia vizuri, wakiamini kwamba wamepona. Na wapo ambao dawa yenyewe inawasumbua kwa namna wanayoona haya kuisema mbele ya kijana aliyevaa koti jeupe.

Kama una mashine ya kupimia presha ya kufunga mkononi, mpime asubuhi kabla ya dawa na jioni, akiwa amekaa ameegemea, ametulia dakika tano, mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo, bila kuzungumza naye. Pima mara mbili kila wakati na uandike zote. Kwa wagonjwa wengi tunataka iwe chini ya 140 kwa 90, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo tunataka namba ya juu iwe chini ya 130. Ukiona 180 kwa 120 au zaidi, pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, ulimi mzito, upande mmoja kulegea au macho kuona kiza, usisubiri ushauri wa mtu yeyote, mkimbize hospitali.

Ukienda kliniki, beba kila kitu: maboksi yaliyopita, bahasha, kichupa cha baba na daftari lako. Kwa daktari anayetaka kuelewa, mfuko huo una habari nyingi kuliko kadi ya kliniki.

Mwana wa Pangani

Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni nyote. Nilizungumza na mama kama Tabibu alivyoelekeza, na amenieleza mambo ambayo sikuwa nayajua. Amlodipini alikuwa akiimeza siku moja na kuiacha siku inayofuata, kwa sababu miguu ilikuwa ikimvimba hadi viatu havimwingii, na alipoiacha alipata nafuu. Ile losatani yenye haidroklorothiazidi aliiacha kabisa, kwa kuwa inampeleka msalani mara kwa mara, na yeye ni mtu wa shughuli za watu. Hawezi, anasema, kukaa msibani au kwenye maulidi akiinuka kila mara kuomba njia. Hakumwambia daktari kwa sababu kila alipopimwa alielezwa kwamba presha iko juu na akaona aibu. Atenololi ameitumia mara chache tu.

Tunakwenda kituoni kesho na mfuko wote. Kilichobaki kunitatiza ni namna ya kuziondoa, pamoja na maneno ya kumwambia kaka, maana sitaki aone kwamba juhudi zake zimedharauliwa.

Afisa Afya, Unguja

Kuhusu kuziondoa, njia bora ni ileile safari ya kesho. Ziacheni kituoni au kwa mfamasia mkiwa mmemaliza kumwonyesha daktari, na mwulizeni wazi kama wanapokea dawa zilizokwisha muda kutoka kwa wananchi. Vituo vya afya na maduka ya dawa vina utaratibu wa kutenga dawa zisizofaa na kuziteketeza chini ya usimamizi, ambao kwa Tanzania Bara ni wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, na kwa huku kwetu Zanzibar ni wa Wakala wa Chakula na Dawa. Kama kituo kidogo hakipokei, hospitali ya wilaya ndiyo ya kuulizwa.

Kuchoma nyuma ya nyumba nisingependa. Karatasi nyingi za vidonge zimetengenezwa kwa plastiki na alumini, moshi wake si wa kuvutwa na mtoto wala mzee, na moto wa takataka hauna joto la kuteketeza dawa yenyewe. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 1999 lilizungumzia tanuri za zaidi ya nyuzi 1200. Chooni pia hapana, hasa pwani, ambako maji ya visima hayako mbali chini ya ardhi na mashimo ya vyoo yako karibu nayo. Wala msizitupe jalalani zikiwa katika maboksi yake. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu boksi zima linaloonekana jipya huokotwa, na linaweza kurudi kwa mtu mwingine kama dawa njema.

Ikishindikana kabisa kuzirudisha, basi kwa kiasi kidogo cha nyumbani fanyeni hivi. Toeni vidonge katika karatasi zake bila kuvisaga, vichanganyeni na kitu ambacho hakuna mtu wala mnyama atakayetamani kukigusa, kama mchanga wenye majivu au masimbi ya kahawa yaliyolowa, vitieni katika chombo kinachofungika barabara, kisha ndipo viende na takataka zinazokusanywa, si za kuchomwa. Maboksi yakateni na jina la mgonjwa lifutwe.

Na naomba sana msimgawie jirani zile ambazo hazijapita tarehe lakini mama ameachishwa. Losatani na ndugu zake kama enalaprili humdhuru mtoto aliye tumboni, na nimeshuhudia mama mjamzito akipewa kwa huruma tu kidonge cha bibi yake kwa sababu naye aliambiwa ana presha. Presha ya ujauzito ina dawa zake.

Tabibu Mstaafu

Mwanangu, umefanya kazi nzuri kuliko vipimo vingi. Kuvimba miguu kwa amlodipini ni jambo linalojulikana, huwapata hasa wanawake na wanaotumia dozi kubwa, na daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuichanganya na dawa nyingine inayopunguza uvimbe huo. Hata hivyo miguu iangaliwe vizuri, kwa sababu moyo na figo navyo huvimbisha, na mwombeni apimwe kriatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo), potasiamu na mkojo. Ile ya kukojoza nayo ina njia: inaweza kuhamishwa saa, ikamezwa mapema alfajiri, au siku za shughuli akamwuliza daktari kama inaweza kumezwa akisharudi, mradi isiwe usiku. Yote haya daktari hawezi kuyafanya kama hakuambiwa, kwa hiyo mwache mama ayaseme mwenyewe, wewe ukae pembeni umkumbushe tu. Na lile la moyo kwenda mbio lisisahauliwe. Aombewe kipimo cha umeme wa moyo.

Kuhusu kaka, mweleze ukweli wote wa miguu na wa msibani. Mwambie dawa zake ndizo zilizomshika mama wakati zahanati ilikuwa imeishiwa. Kuanzia sasa asitume mpaka kliniki iseme mama anatumia ipi na kwa miligramu ngapi, kisha kama bado anataka kutuma, atume ya miezi mitatu tu kwa wakati mmoja, yenye tarehe ya zaidi ya mwaka mbele, na akupigie picha ya boksi kabla hajamkabidhi msafiri. Au atume fedha, dawa zinunuliwe huku kila mwezi, na mjukuu apewe kazi ya kusoma tarehe kwa sauti kila boksi jipya linapoingia nyumbani.